Gari la Baba na Kopo la Maji

Juzi mjukuu wangu alinipitia Kizingo, nilikokwenda kumpa pole rafiki yangu wa siku nyingi aliyefiwa. Tuliposimama kungoja magari mengine yapite, gari lake likaanza kutetemeka. Halikuzima, lakini lilitikisika mpaka mkoba wangu ukaanguka kutoka kitini. Tukageuza njia kwenda kwa fundi wake. Fundi, kijana wa shati safi, akachomeka kijisanduku chini ya usukani, akasoma namba kwenye kioo, akasema, "Silinda ya tatu, mama. Dakika chache tu." Hakuinamisha sikio, wala mkono wake haukuingia mafuta.

Mimi nilibaki kiti cha nyuma, kiganja kifuani. Mtetemeko ule naujua. Niliujua kabla sijatimiza miaka kumi, na kwa majuma kadhaa ya utoto wangu niliamini kwamba nimeuleta mimi, na kwamba mtu angekufa kwa ajili yake.

Wakati huo tulikaa Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya ghorofa moja, nyuma kidogo ya Ndia Kuu. Chini walikaa bibi yangu mzaa baba, na jiko, na mbuzi wa kukunia nazi ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimkalia kila siku baada ya chuo cha Kurani. Juu tulikaa sisi, pamoja na shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliyeolewa na karani wa bandarini. Asubuhi nyumba ilinuka iliki na mahamri. Nilikuwa nikishuka ngazi nikisugua macho, na kabla sijaona kitu nilisikia vitu viwili: mafuta ya bibi yakichemka karaini, na nje, mbele ya dirisha lake, baba akizungusha hendeli ya kuwashia gari.

Baba alikuwa dereva wa gari la kukodi, na gari lilikuwa lake mwenyewe. Lilikuwa jeusi, lenye ubao wa kukanyagia ubavuni, na umri wake ulizidi wangu. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Kizingo aliyekuwa akirudi kwao. Mtaani petu halikuwa gari la baba tu. Mzee akizidiwa, hupelekwa kwalo hospitali. Bibi harusi hupambiwa viti vyake. Baba alilifuta kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na msemo wake ulikuwa, "Chombo husema na mwenyewe kabla hakijamtupa." Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeingia, petroli ikitolewa kwa vyeti, na vipuri havikuja kabisa. Kilichovunjika kilitengenezwa au kiliachwa.

Siku ya kuamkia Idi, baada ya alasiri, baba alirudi safarini, akafungua boneti injini ipoe, akaingia ndani kuoga. Aliniagiza nioshe magurudumu. Nikayaosha, yakang'aa. Kisha nikaitazama ile injini, nyeusi, imejaa vumbi, na moyo wangu ukaona si haki gari zima livae kwa Idi, injini ibaki na nguo za kazini. Nikateka kopo zima la maji nikalimwaga juu yake.

Sijasahau sauti ile. Injini ilitoa mlio kama karai la bibi likiingiwa na tone la maji, lakini mkubwa, na mvuke ukanipanda usoni. Nikatupa kopo, nikakimbilia ndani, nikachukua mchele nikaanza kuchagua chuya bila kutumwa. Bibi alinitazama tu.

Siku ya Idi gari liliwaka kwa shida. Siku ya pili liliwaka likaanza kukohoa. Injini iliyokuwa ikivuma kwa mlio mmoja, kama cherehani ya fundi mzoefu, sasa ilikwenda kwa kuruka: tu-tu, kimya, tu, kimya, tu-tu-tu. Mafundi huita hali hiyo kumisi. Barabarani likishika mwendo lilijikokota likaenda. Balaa lilikuwa kusimama. Baba akiondoa mguu kwenye mafuta, gari lote hutetemeka, taa za mbele zikatikisika kama kichwa cha mzee anayekataa jambo, kisha likazima.

Kama lingekuwa ni gari tu, nadhani ningesahau. Lakini shangazi alikuwa mja mzito. Alikwisha pata watoto wawili kabla ya huyo, wote nyumbani, na wote hawakukaa. Mara ya pili yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Daktari alimwambia mumewe waziwazi kwamba safari hii uchungu ukianza tu, asingoje, aletwe hospitali. Mpango ulikuwa mmoja, na mtaa mzima uliujua: baba atampeleka kwa gari. Machela haikutajwa, hamali wa kumbeba hakutajwa. Na tumbo lilikuwa limeshuka.

Kwa hiyo kila asubuhi, baba alipokuwa akihangaika na hendeli, nilisimama nyuma ya mlango na kopo lile likimwagika upya moyoni mwangu. Chakula kilikuwa hakinipiti. Shangazi, maskini, alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu kwa mkono wake mwenyewe. Nikaimeza yote. Niliona nimestahili.

Baba alilipeleka gari kwa fundi wa Kihindi pale Mwembe Tayari, mtu hodari aliyekuwa na karakana kando ya mabasi ya bara. Akafungua kabureta, akaisafisha, akapuliza vijitundu vyake. Gari likarudi mchana likivuma vizuri, baba akatabasamu, mimi nikala sahani mbili za wali. Kesho yake asubuhi likakohoa vilevile. Fundi wa pili alisikiliza kidogo akasema vali zimekwisha, lazima injini ifunguliwe yote. Itachukua mwezi, pengine zaidi, kwa kuwa vali mpya hazipo mjini. Baba akamwambia atamletea gari Jumatatu.

Bibi alikuwa na maoni yake, naye aliyatoa akikanda unga. "Gari lako laumwa kifua," alimwambia baba. "Asubuhi lakohoa, jua likipanda lapona. Mvua ikinyesha, lakohoa siku nzima."

"Mama, gari si mtu," baba alijibu kwa upole.

"Sikusema ni mtu. Nasema nalisikia. Dirisha ni langu."

Baba akarudi kwenye injini yake, na neno lile halikufuatwa. Ndivyo ilivyokuwa, mambo ya injini yalikuwa ya wanaume, hata kama wanaume wenyewe walikuwa hawalali karibu na dirisha.

Aliyelifuata alikuwa mtu wa bara. Kwa jirani yetu alipanga fundi wa reli, Mkristo, mrefu, mpole, aliyekuwa akitengeneza mitambo kule stesheni. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kikavu kidogo, lakini salamu zetu alikuwa amejifunza zote, na hakupita dirisha la bibi bila kusema sabalkheri. Jumamosi ile alasiri alimkuta baba ameinamia injini, akasimama.

"Linaumwa nini, bwana?"

"Lamisi. Mmoja asema kabureta, mwingine vali. Jumatatu nalipeleka likafunguliwe."

Fundi wa reli aliomba liwashwe. Likawaka, likavuma, likakohoa mara moja tu kisha likatulia, kama mtoto anayejikausha mbele ya mgeni. Akasikiliza, akazima. "Sasa halina kitu," akasema. "Usifungue injini kabla hujaiuliza maswali. Huwa linazidiwa wakati gani?"

Dirishani ikatoka sauti ya bibi: "Asubuhi, mwanangu. Na mvua ikinyesha. Likishapigwa na jua, huoni kosa lake."

Yule mtu aligeuka akalitazama dirisha kwa heshima kubwa. "Ahsante, mama. Vali mbovu haijui mvua wala jua. Hilo jambo lina unyevu ndani yake." Akamwambia baba, "Nitakuja kesho alfajiri ikishapambazuka, kabla sijaenda kanisani. Usilifute. Liache lilale na umande wake."

Unyevu. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, kifuu cha nazi mkononi, na neno lile lilinipiga. Unyevu ulikuwa wangu. Nilijua kwamba kesho mtu huyu ataufuata mpaka afike kwenye kopo langu.

Jumapili kulipambazuka na manyunyu ya vuli. Fundi alikuja na koti lake la kanisani, akalivua, akalitundika kwenye komeo la mlango wetu, akakunja mikono. Gari likawashwa, nalo likaanza vituko vyake vyote. Boneti ilitikisika mkononi mwa baba.

Basi nikaona kazi ambayo sijapata kuona nyingine iliyonitulia hivyo, ingawa roho ilikuwa mkononi. Hakufungua kitu. Alichukua bisibisi yenye mpini wa mti, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, ncha ikigusa kichwa cha plagi ya kwanza, ili moto wake upotelee kwenye chuma. Injini ikashuka, karibu kuzima. "Hii inafanya kazi," akasema, "maana tumeinyima moto na gari limelalamika." Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, injini haikujali. Ya nne, haikujali. "Hawa wawili wamelala."

Akazima, akahamisha plagi: za waliolala akawapa walio macho, na za walio macho akawapa waliolala. Akawasha tena. Tatu na nne wakabaki wamelala. "Basi plagi hazina kosa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, bwana. Ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichokujibu." Akazifuata nyaya kwa vidole, akazibadilisha nazo, hazikuwa na kosa. Mwisho akafika kwenye kile kikopo cheusi ambacho nyaya zote hutokea, kinachogawa moto kwa kila silinda, distributa. Akakitazama kifuniko chake kwa karibu, akakunja uso.

"Moto unatorokea hapa, nadhani. Lakini ni cheche ndogo, kwenye mwangaza hazionekani. Ningepata giza."

Baba akatazama mbingu, kana kwamba giza laweza kuagizwa. Mlango ukafunguka, bibi akatokea amejitanda kanga, na mikononi ana buibui lake la kutokea, lile jipya la Idi. "Giza hili hapa," akasema. "Likunje tu lisiingie mafuta."

"Mama, la Idi hilo," baba akasema.

"Na aliye ghorofani ni mwanangu. Chukua."

Wakalitandaza juu ya injini, baba akishika upande wa mbele lisifikie feni. Fundi akaingiza kichwa chini yake. Alikaa kidogo, akatoka, uso umechangamka. "Angalia mwenyewe." Baba akaingia, akatoka akitikisa kichwa kwa mshangao. Kisha fundi wa reli akanitazama mimi niliyekuwa nimebana ukutani. "Na huyu aone. Asiguse kitu tu."

Nikapanda juu ya ubao wa kukanyagia, nikaingiza kichwa gizani.

Ndani mlinuka petroli na uturi wa bibi. Injini ilinguruma karibu na uso wangu, joto likinipanda shingoni. Na pale, kwenye kile kifuniko cheusi, nikaona kijinyoka cha samawati kikitambaa kutoka pembe moja kwenda nyingine, kinatoweka, kinarudi, na kila kilipotambaa injini ikikosa pumzi. Kilikuwa kizuri. Sikutarajia ubaya wangu uwe mzuri hivyo. Na kwa kuwa hakuna aliyeuona uso wangu, na kwa kuwa nilidhani mngurumo ule utameza kila kitu, nikasema kwa sauti yangu yote: "Ni mimi. Nililimwagia maji siku ya kuamkia Idi. Ni mimi."

Nilipotoka, baba alikuwa akitazama feni, ambayo kwa wakati huohuo ilikuwa imeunasa upindo wa buibui na kuupasua kiasi cha shubiri. Gari likazimwa. Ikafuata shughuli ya kulinasua. Hakuna aliyeniambia neno.

Fundi akakifungua kile kifuniko, akakipangusa, akakielekeza kwenye mwangaza. "Hapa. Waona ufa?" Ulikuwa mwembamba kama unywele, mweusi. Alikuwa akisema na baba, lakini kwa taratibu na kwa sauti ya kupanda, kama mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa nyuma. "Ufa huu ni wa zamani. Umeshaungua mpaka ndani, umeweka masizi ya siku nyingi. Unyevu ukiingia, moto unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Hakuna mtu aliyeupasua juzi. Maji yakiugusa, yanauonyesha tu."

Kifuniko kingine hakikupatikana, si Mombasa wala Nairobi. Akaukwangua ule ufa kwa ncha ya kisu mpaka masizi yakaisha. Mume wa shangazi akakimbia kuleta kipande cha lakiri nyekundu, ile ya kufungia bahasha za ofisini, wakaiyeyusha kwa mshumaa, fundi akaidondoshea ndani ya ufa tone kwa tone. Ilipokauka, gari likawashwa. Baba akaondoa mguu kwenye mafuta, na sote tukangoja. Likavuma. Likavuma tu, mlio mmoja, hata boneti haikutikisika. Fundi wa reli akavaa koti lake, akaomba maji ya kunawa, akachukua mahamri mawili aliyofungiwa na bibi, akaenda kanisani. Safari ya Jumatatu ikafutwa.

Hazikupita siku kumi. Alfajiri moja mvua ilikuwa ikimwagika kama mbingu imetobolewa, mifereji ya paa ikipiga kelele, na juu nikasikia shangazi akimwita mama yake. Baba alishuka mbio. Hendeli, mzunguko wa kwanza, wa pili, na injini ikashika. Kilichobaki kilikuwa kungoja, maana shangazi hakuweza kushuka haraka. Kila ngazi alisimama, akashika ukuta, akapumua. Ngazi zetu zilikuwa kumi na nane. Nje, kwenye mvua ile, gari lilisimama likiwaka, kazi ileile iliyokuwa ikilishinda. Bibi na mimi tulikaa dirishani, yeye amenishika mkono. Hakuwa akimsikiliza bintiye. Alikuwa akisikiliza injini, midomo ikitaja jina la Mungu.

Halikukosa pumzi hata mara moja. Mlango wa gari ukafungwa, likaondoka, tukalifuata kwa masikio mpaka kwenye kona, mpaka Ndia Kuu, mpaka mvua ikalifunika. Adhuhuri baba akarudi amelowa, akasimama mlangoni, akasema, "Binti. Wote wazima." Bibi akaketi chini palepale, juu ya sakafu, akalia kimya kimya.

Siku chache baadaye nilimkuta akiushona upindo wa buibui. Nikakaa karibu naye kumtungia uzi sindanoni, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamepungua. Akasema bila kuinua kichwa, "Kitambaa cheusi huficha uso, mwanangu. Sauti hakiifichi." Kisha akaniambia niende nikakune nazi. Hayo ndiyo maneno ya pekee niliyopata kuambiwa na mtu yeyote kuhusu kopo lile.

Nilipokuwa mkubwa nilikuja kusikia kwamba kifuniko cha namna ile, kikiwa na moto wa safari, kikimwagiwa maji ya baridi, chaweza kupasuka. Chaweza. Pengine masizi yale yalikuwa ya miaka, kama alivyosema fundi wa reli. Pengine yalikuwa ya majuma machache, na mtu yule mwema aliamua, pale pale, ufa uwe wa zamani. Sikumwuliza. Baada ya vita alihamishwa kurudi bara, na hatukupata habari zake. Baba naye sikumwuliza, ingawa tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na mara nyingi jioni tulikaa tukizungumza juu ya gari lile, baada ya kuliuza kwa vyuma chakavu. Alikuwa akisifu lakiri. Juu ya maji alikuwa hasemi, nami niliona haya kuanza.

Nyumba ile sasa chini ni duka la vinyago. Dirisha la bibi limezibwa kwa rafu. Mgeni akisimama pale mlangoni hasikii karai wala hendeli, na hata vijana wa mtaa hawajui kwamba gari liliwahi kulala pale. Shangazi amekwenda, baba amekwenda. Binamu yangu, aliyezaliwa ile siku ya mvua, ana wajukuu, na kisa hiki kwake ni kichekesho cha buibui lililoliwa na feni.

Nimezeeka, na sasa ni mimi ninayeamkiwa kwanza, mimi ninayepewa kiti. Hakuna anayenihoji. Wakati mwingine natamani jambo dogo tu: kusimama mbele ya mtu aliyenizidi umri, aliyeniona siku ile, nimwambie nilichofanya, anikemee kidogo, kisha anitume jikoni. Nimewatafuta kwa hesabu mmoja mmoja. Hakuna aliyebaki wa kunikemea.